Kirksville au East Lansing? Vyuo viwili vya udaktari wa osteopathia, kwa anayetakiwa kuchagua

Binti wa kaka yangu amekubaliwa vyuo viwili vya udaktari, na tangu siku hiyo simu yangu haipoi. Kimoja kiko Kirksville, mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Missouri, mahali ambapo udaktari wa osteopathia ulizaliwa. Cha pili ni cha Michigan State, chuo kikuu cha umma cha jimbo la Michigan, pale East Lansing. Vyote vinasomesha miaka minne, na vyote vinatoa shahada ya DO, yaani ya udaktari wa osteopathia. Swali lake ni fupi: "Shangazi, niende wapi?" Jibu langu limekuwa refu kuliko simu moja, ndiyo maana nimeamua kuliandika, huenda likamfaa na mtoto wa mwingine.

Niseme kwanza nilipo. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimefanya zamu na madaktari DO na madaktari MD, wale wa shahada ya udaktari iliyozoeleka, humuhumu Marekani. Saa nane za usiku mgonjwa akibadilika ghafla, hakuna anayesoma herufi zilizoshonwa kwenye koti. Daktari DO huku anaandika dawa, anapasua, anazalisha, anasimamia wagonjwa mahututi, katika majimbo yote 50. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari nchini humu sasa wanasoma vyuo vya osteopathia. Kwa hiyo mjadala wa kama DO ni "daktari kamili" tuuache mlangoni na viatu.

Ila kuna mkanganyiko mmoja lazima niuondoe, kwa sababu ndugu wa London na wa Muscat wamenipigia wakiuliza kama binti anakwenda kusomea kukanda. Uingereza, mtaalamu wa osteopathia si daktari. Anasajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1993, anatibu kwa mikono, hapasui wala haandiki dawa kama daktari. Mzizi ni mmoja: John Martin Littlejohn, Mskoti, alisoma na kufundisha Kirksville, akaanzisha chuo Chicago, kisha akarudi kwao na mwaka 1917 akafungua British School of Osteopathy mjini London. Lakini matawi yaliachana. La Marekani lilikua likawa udaktari kamili, la Ulaya likabaki tiba ya mikono. Mtu akikwambia "nimepata nafasi ya osteopathia," muulize ni nchi gani kabla hujamchangia karo.

Mzee aliyekataliwa na mji mmoja akapokewa na mwingine

Rai yangu ni hii: namna kila chuo kilivyozaliwa ndiyo inayoamua hadi leo mwanafunzi atalala wapi, atalipa nini, na mwaka wa tatu atapelekwa hospitali gani. Historia hapa haibaki ukutani pamoja na picha za wazee. Inakufuata hadi kwenye kodi ya chumba.

Andrew Taylor Still alizaliwa Virginia mwaka 1828, mtoto wa mhubiri wa Kimethodisti ambaye pia alikuwa tabibu. Udaktari aliupata kwa baba yake, kama mtoto wa fundi anavyoupata useremala. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliwaua watoto wake watatu, na madaktari waliokuja hawakuwa na la kufanya. Tiba ya zama zile ilikuwa kumnywesha mgonjwa zebaki, kumharisha, kumtoa damu, na pombe juu yake. Still akaipa kisogo. Miaka kumi baadaye, tarehe 22 Juni 1874, akatangaza njia yake: mwili una uwezo wa kujiponya, na kazi ya tabibu ni kurekebisha maungo ili damu na neva zipite bila kizuizi. Alitaka kueleza hayo Chuo Kikuu cha Baker huko Kansas, ambacho familia yake ilikichangia ardhi. Wakamfungia mlango.

Akahamia Missouri, akawa anazunguka mji hadi mji akinyoosha migongo ya watu. Alijitangaza kuwa mwunga mifupa wa kasi ya umeme. Sisi tuliokulia kwa bibi tunamjua mtu wa aina hiyo. Kila kijiji kilikuwa na wake, wa kumpelekea mtoto aliyeanguka mwembeni. Tofauti ni kwamba huyu alifungua chuo. Mwaka 1892 American School of Osteopathy ilianza katika nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, ikiwa na wanafunzi 21, na wanawake walikuwamo tangu siku ya kwanza. Anatomia ilifundishwa na William Smith, daktari aliyesoma Edinburgh, aliyekuja kumchunguza mzee huyu akaishia kubaki naye. Hati ya jimbo ilimruhusu Still kutoa shahada ya MD. Hakuitaka. Alisema yake itakuwa DO, na herufi hizo mbili ndizo zinazomsumbua binti wa kaka yangu leo akijaza fomu.

Wagonjwa walimiminika Kirksville kwa treni. Mji ukakua kwa ajili ya chuo, hoteli zikajengwa kwa ajili ya wagonjwa wa chuo. Ile nyumba ya vyumba viwili bado ipo, ndani ya jumba la makumbusho, pamoja na kibanda cha magogo alimozaliwa mzee. Kuna pia kitu ambacho mimi ningekwenda kukitazama hata kama sina mtoto wa kusomesha: mfumo mzima wa neva za mwanadamu, uliotolewa mwilini na wanafunzi wawili mwaka 1925, uzi kwa uzi, kwa zaidi ya saa 1,500 za kazi. Ukiuona unaelewa mambo mawili kuhusu Kirksville: anatomia kwao ni kama ibada, na mjini hapakuwa na mengi ya kuwapotezea vijana muda.

Nisiifanye historia hiyo kuwa ya malaika. Mlango uliowapokea wanawake mapema haukuwa wazi vilevile kwa watu weusi. Daktari DO wa kwanza mweusi, Meta Christy, alihitimu mwaka 1921, na chuo chake kilikuwa Philadelphia.

Chuo kilichozaliwa na kura

Michigan State ni hadithi nyingine kabisa, na ili uielewe inabidi upitie California. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chama cha madaktari MD cha jimbo hilo kilikubaliana na chama cha DO kuungana. Zaidi ya madaktari DO 2,000 walilipa dola 65 kila mmoja wakageuzwa MD, chuo chao kikawa cha MD, na mwaka 1962 wapiga kura wakaufunga mlango wa leseni mpya za DO. Mahakama Kuu ya California iliufungua tena mwaka 1974. Lakini fundisho lilikwisha kuwafikia wengine: taaluma ndogo inaweza kumezwa kwa bei ya jozi ya viatu.

Michigan ilikuwa na madaktari DO wengi, wenye hospitali zao na wagonjwa wao, wengi wakiwa wafanyakazi wa viwanda vya magari. Hawakutaka yawakute ya California. Wakajichangisha, wakaanzisha chuo binafsi Pontiac mwaka 1969, huku wakilisukuma bunge la jimbo likichukue. Likakichukua. Mwaka 1971 chuo kikahamia East Lansing, kikawa cha kwanza cha osteopathia kukaa ndani ya chuo kikuu na kuendeshwa kwa fedha za umma. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Myron Magen, daktari wa watoto. Makao yake ni Fee Hall, jengo lililojengwa kuwa bweni, na hadi leo ukipita koridoni unahisi kama utakutana na mtu kajifunga taulo.

Chuo kikuu hichohicho kina pia kitivo cha MD. Mama mmoja, watoto wawili wenye majina tofauti. Kirksville hakuna ndugu wa namna hiyo: chuo ni cha watu binafsi, sasa kikiitwa A.T. Still University, na osteopathia ndiyo mwenye nyumba.

Siku ya kawaida

Kirksville ina watu kama 17,000. Kuna chuo kikuu kingine cha jimbo, Truman State, kuna bustani ya Thousand Hills yenye ziwa, na baada ya hapo ni mashamba ya mahindi na soya mpaka macho yachoke. Columbia, mji wa maana ulio karibu, iko kama kilomita 150 kusini. Treni haifiki mjini. Inasimama La Plata, mji mdogo zaidi ulio upande wa kusini, ikitoka Chicago kwenda Los Angeles. Bila gari utateseka. Kwa upande mwingine kodi ya nyumba ni nafuu, na darasa la watu kama 170 linageuka kijiji: unayepasua naye maiti asubuhi ndiye utakayemkuta dukani jioni akipima nyanya, na mwalimu wako yuko nyuma yake kwenye foleni.

Kuna jambo ambalo vijitabu vya vyuo hukosa kuliandika. Kirksville ina Wakongo wengi kwa mji wa ukubwa ule. Walianza kuja kwa bahati nasibu ya viza, wakapata kazi kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe huko Milan ya Missouri, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Kifaransa na Kilingala vinatawala, lakini Kiswahili cha mashariki mwa Kongo nacho kipo. Mwanafunzi wa udaktari anayejua kusema "wapi panauma, mama?" katika mji ule si pambo. Ni mtu anayehitajika.

East Lansing ni kinyume. Chuo kikuu kina wanafunzi kama 50,000, kuna uwanja wa mpira unaotikisa madirisha siku za Jumamosi, na Lansing, makao makuu ya jimbo, imeungana nayo. Kituo cha masomo ya Afrika kipo tangu 1960 na Kiswahili kinafundishwa. Wakimbizi wa Kongo wamehamishiwa Lansing, na Grand Rapids ndiyo zaidi. Darasa la DO peke yake ni kama watu 300, wakigawanywa sehemu tatu: East Lansing, Detroit na Macomb. Hapo uwe makini, kwa sababu kijana anaweza kuota uwanja wa mpira akajikuta amepangiwa Detroit. Si adhabu, Detroit ina wagonjwa wa kumfundisha mtu udaktari, lakini ni maisha mengine. Kila mwaka chuo huandaa mihadhara kwa jina la William G. Anderson, daktari DO aliyeongoza harakati za haki za watu weusi Albany, Georgia, bega kwa bega na Martin Luther King, na baadaye akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza chama cha madaktari wa osteopathia nchini. Binti aliposikia hilo alinyamaza kidogo kwenye simu. Ninamjua, alikuwa anaandika.

Kitanda cha kukandia

Somo la tiba ya mikono ndilo linalovitenga vyuo hivi na vya MD: kama saa 200 katika miaka miwili ya mwanzo, juu ya masomo yote mengine. Wanafunzi wanafanyiana wao kwa wao. Leo wewe ni daktari, kesho ni mgongo. Unajifunza kusikiliza misuli kwa ncha za vidole, kunyoosha, kusukuma kiungo mpaka kialike.

Mavazi ya maabara hiyo kwa kawaida ni kaptura na fulana, wakati mwingine pungufu ya hapo, maana mgongo lazima uonekane. Kwa binti wa Kiislamu, au yeyote aliyelelewa kwa stara, hilo si jambo dogo la kukutana nalo Jumatatu ya kwanza. Wetu anavaa hijabu. Nimemwambia aviandikie vyuo vyote viwili, aulize kuhusu mwenza wa kike, pazia, na mavazi mbadala, na jibu alitunze. Alivyojibiwa, na kwa upole kiasi gani, kulinifundisha zaidi kuhusu vyuo hivyo kuliko kurasa zao zote za picha za wanafunzi wanaocheka.

Kwa ubora wa somo lenyewe sioni pengo kubwa. Kirksville ina uzito wa asili. Mwanafiziolojia Irvin Korr alifanya utafiti wake wa neva na uti wa mgongo pale kwa takriban miaka 30. Kisha akahamia wapi? Michigan State. Huko ndiko Philip Greenman, bingwa wa tiba ya mikono, naye alikofundisha. Vyote viwili vitakupa mikono. Wala usimeze kila kitu. Ile mbinu ya kushika fuvu iliyoanzishwa na William Sutherland, mhitimu wa Kirksville wa mwaka 1900, ushahidi wake ni dhaifu, nami nitasema hivyo mezani kwa yeyote. Mbinu za kiuno na shingo zina msingi bora zaidi, na nimeona wazee wakishuka kitandani wakitembea vizuri kuliko walivyopanda.

Mwaka wa tatu ndipo mambo yanapoachana

Hapa ndipo ningemwomba kila mzazi aache kuangalia majengo. Kirksville, mji mdogo, haiwezi kuwalisha wanafunzi wote wa mwaka wa tatu na wa nne kwa hospitali yake. Kwa hiyo baada ya miaka miwili unafunga virago. Chuo kina kanda za mafunzo katika majimbo kadhaa, zikiwemo Missouri, Ohio, Michigan na Arizona, na unapangwa huko kwa miaka miwili ya wodini. Aliyeolewa, mwenye mtoto, mwenye nyumba ya kupanga, anaanza upya. Lakini huyohuyo anaweza kuomba kanda iliyo karibu na kwao.

Michigan State haikufanyi uhame jimbo. Unapewa hospitali mama ndani ya Michigan, unakaa hapo, wauguzi wanakujua kwa jina, na ukitaka kubaki kwa mafunzo ya ubingwa tayari una watu wa kukusemea. Hili ni tunda la siasa za 1969: jimbo lililipa ili lipate madaktari wake, na limejipanga lisiwapoteze.

Kwa anayetoka nje ya Michigan bei ya tunda hilo ni kali. Ada ni mbili, ya mwenyeji na ya mgeni, na pengo kati yake si la kuziba kwa kufanya kazi za wikendi. Kirksville ada ni moja kwa wote, kubwa, lakini haikuulizi umezaliwa wapi. Na kuna sheria mpya ya mikopo: kwa wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mkopo wa serikali ya Marekani kwa shahada kama hii una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na ule mkopo wa ziada uliokuwa unafunika kilichobaki umefungwa. Ada na matumizi kwa pamoja vinavuka 50,000 kwa mgeni popote kati ya hapo. Zidisheni kabla ya kusherehekea.

Mitihani haitofautishi kitu. Wote wanafanya COMLEX, mtihani wa leseni wa DO, wengi wanaongeza USMLE, ule wa MD, na tangu 2020 mafunzo ya ubingwa ya DO na MD yako chini ya mfumo mmoja.

Na kama unawaza kurudi

Michigan State ina turufu moja ambayo Kirksville haina. Terrie Taylor, daktari DO na profesa wa hapo, amekuwa akienda Blantyre, Malawi, tangu miaka ya 1980, msimu wa mvua baada ya msimu wa mvua, akitibu na kuchunguza watoto wenye malaria ya ubongo. Mwaka 2015 yeye na wenzake walionyesha, kwa picha za MRI zilizopigwa hapohapo hospitalini Blantyre, kwamba watoto wengi wanaokufa kwa ugonjwa huo huuawa na uvimbe wa ubongo unaobana sehemu inayoendesha pumzi. Binti wetu alipoteza mdogo wake kwa malaria Kigoma kabla ya familia kuhamia huku. Sikuhitaji kumweleza kwa nini utafiti huo ni mkubwa.

Ila anayefikiria kufanya kazi nyumbani asitegemee maneno ya ofisi ya udahili ya chuo chochote. Aandikie Baraza la Madaktari Tanganyika, au la nchi anayokusudia, aeleze kwamba ni DO wa Marekani na si mtaalamu wa tiba ya mikono wa Ulaya, na apate jibu lenye saini.

Basi, kwa kesi yetu: wazazi wake wako Ohio. Michigan atalipa ada ya mgeni, atapata utafiti wa malaria na Kiswahili. Kirksville atapata mji wa baridi na mahindi kwa miaka miwili, kisha huenda Ohio, nyumbani kwa mama yake, kwa miwili iliyobaki. Angekuwa mwenyeji wa Michigan nisingeandika hata mstari mmoja wa haya. Kwa kuwa si mwenyeji, mimi nimempigia kura Kirksville, kwa sharti kwamba nafasi ya Ohio ipatikane. Kaka yangu anasema nimemuuza mtoto kwa ajili ya wali wa mama yake.

Wiki iliyopita alikwenda kuuona mji. Alinipigia kutoka kituo cha La Plata, treni ya kurudi Chicago ikiwa imechelewa saa mbili. Alikuwa ameuona ule mfumo wa neva ndani ya kioo. Dukani mama mmoja alimsikia akizungumza na mimi kwenye simu, akamwuliza kwa Kiswahili cha Bukavu kama yeye ni nesi. Amana ya nafasi bado hajalipa popote. Anangoja barua pepe kuhusu Ohio.